Nani Mlezi wa Mtoto? Usawiri wa Vita vya Mau Mau katika Filamu za Kihistoria

Filamu ya kihistoria huhukumiwa mara nyingi kwa kigezo kimoja: je, yaliyoonyeshwa yalitokea? Kigezo hiki kina haki yake, na pale filamu inaposema uongo wa wazi ni wajibu wa mhakiki kuuanika. Hata hivyo, kwa filamu zilizotungwa kuhusu vita vya Mau Mau nchini Kenya, kigezo hicho hakimfikishi mhakiki mbali. Tarehe zaweza kuwa sahihi, mavazi yakawa sahihi, hata mandhari yakawa ya Kenya yenyewe, na bado historia ikawa imepinduliwa. Upinduzi huo haumo katika matukio bali katika umbo: namna msuko unavyopangwa, mhusika anayepewa nafasi ya kufikiri, na hasa namna kisa kinavyofungwa. Makala haya yanachunguza kipengele kimoja cha umbo hilo, nacho ni mhusika mtoto. Yanadai kwamba katika filamu nne zilizotolewa kati ya 1955 na 2010, swali la kisiasa lililozusha vita, yaani ardhi ni ya nani na nani atawale, limegeuzwa likawa swali la malezi: nani atamlea mtoto Mwafrika?

Filamu zenyewe ni Simba (1955) ya Brian Desmond Hurst, Something of Value (1957) ya Richard Brooks, The Kitchen Toto (1987) ya Harry Hook na The First Grader (2010) ya Justin Chadwick. Mbili za kwanza zilitolewa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, ikiwa ingali inatumika. Ya tatu ilitoka karibu robo karne baada ya uhuru. Ya nne ilitoka mwaka mmoja tu baada ya wazee waliopitia kambi za kizuizini kuishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Hakuna hata moja iliyoelekezwa na Mwafrika wa Kenya, ingawa Hook alikulia nchini humu na jambo hilo linaonekana katika kazi yake.

Swali la malezi halikuzuliwa na wasanii wa filamu. Walilikuta. Waraka wa Devonshire wa 1923 ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika wa Kenya ndiyo yangetangulia, na kwamba Uingereza ilishika nchi kwa niaba yao kama amana. Kwa maneno mengine, Mwafrika alikuwa yatima mwenye mali na Mwingereza alikuwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi huyo, papo hapo, aliiacha nyanda za juu zenye rutuba mikononi mwa walowezi. Itikadi hii haikuhitaji kumchukia Mwafrika. Ilihitaji tu aendelee kuwa mtoto, kwani siku atakapobaleghe msimamizi hana budi kutoa hesabu ya mali. Ndiyo sababu mwanamume mwenye wake na wajukuu aliitwa "boi" katika nyumba ya mlowezi.

Sinema nayo iliingia Afrika Mashariki kwa mlango huohuo. Jaribio la filamu za elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, na baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoanzishwa 1939, viliongozwa na dhana kwamba mtazamaji Mwafrika ana uwezo wake maalumu, na duni, wa kuelewa picha. William Sellers, aliyekiongoza kitengo hicho, alishikilia kwamba filamu za hadhira hiyo sharti ziende polepole, ziepuke kurukaruka kwa wakati na mahali, na zisiwe na hila za kamera. Kwa hiyo kabla Mwafrika hajasawiriwa kama mtoto ndani ya picha, alikuwa ameshawekwa kwenye kiti cha mtoto mbele ya picha.

Mtoto mikononi mwa mlowezi

Simba inaeleza habari za Alan Howard, kijana anayewasili Kenya na kukuta kaka yake ameuawa na Mau Mau. Sehemu za nje zilipigwa Kenya, lakini Dirk Bogarde aliyeigiza Alan alifanya kazi yake katika studio ya Pinewood, Uingereza. Wahusika Waafrika wenye maneno mengi waliigizwa na Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda, na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Mhakiki Richard Dyer, katika makala yake mashuhuri kuhusu weupe katika sinema (1988), ameonyesha jinsi filamu hii inavyogawa ulimwengu kwa mwanga. Mkutano wa walowezi hufanyika mahali peupe penye mpangilio, ambapo watu hukaa, husikilizana na kupinga kwa zamu. Mkutano wa kiapo hufanyika usiku, kwa mayowe na vivuli. Hoja ya Dyer haijachuja. Lakini inafaa kuongeza kwamba mgawanyiko huo ni wa umri pia. Walowezi hujadiliana kama watu wazima. Wapiganaji husisimka tu. Hakuna mahali katika filamu ambapo wazee wa Kikuyu wanaonekana wakipima jambo, wakitofautiana na kuafikiana, ilhali ni jamii iliyokuwa na mabaraza yake kabla mlowezi wa kwanza hajafika.

Mwafrika pekee aliyeruhusiwa kuwa mtu mzima ni Daktari Karanja. Naye amekuwa hivyo kwa elimu ya Kizungu, na baba yake mzazi anageuka kuwa kiongozi wa Mau Mau. Hapo tayari malezi yamebadilishwa: baba wa damu ni adui, na baba wa kweli ni ustaarabu uliomsomesha. Karanja anauawa na umati wa watu wake mwenyewe. Kamera, baada ya kifo hicho, haiishii kwa Alan wala kwa mchumba wake. Inaishia usoni mwa mtoto mdogo Mwafrika anayetazama bila kusema. Picha hiyo ya mwisho imesifiwa kwa kuacha swali wazi. Je, ni wazi kweli? Mtazamaji wa London wa 1955 aliulizwa swali lenye majibu mawili tu: mtoto huyu atafuata njia ya daktari au ya wauaji wa daktari? Jibu la tatu, kwamba huenda mtoto ana wazazi wenye madai ya haki juu ya shamba lilelile lililomo katika picha, halimo.

Something of Value, iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark ya 1955, ni kazi yenye nguvu zaidi na kwa hiyo yenye hatari zaidi. Peter McKenzie na Kimani wanakua pamoja shambani kama ndugu. Sidney Poitier anamwigiza Kimani kwa kiwango kinachoizidi hati aliyopewa. Kuna nyakati ambapo uso wake unabeba hoja ambayo mazungumzo yameikwepa. Lakini msuko unampa Kimani sababu gani za kuingia msituni? Ya kwanza ni kofi alilopigwa na shemeji ya Peter. Ya pili ni kufungwa kwa baba yake kwa ajili ya kifo cha mtoto mchanga, aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu na akauawa kwa kufuata mila. Si kwamba ardhi haitajwi. Hutajwa kwa kupita, ila haiendeshi kisa. Kinachoendesha kisa ni fedheha ya mtu binafsi na mgongano wa mila na sheria, mambo mawili ambayo mlezi mwema angeweza kuyarekebisha kwa upole zaidi.

Zingatia mpangilio. Kisa kinaanza na mtoto mchanga anayeuawa na Waafrika, na kinaisha na mtoto mchanga anayeokolewa na Mzungu. Kimani anaanguka katika mtego wa shimo na kufa, mkewe ameshauawa, Peter anamchukua mwana wao akalelewe pamoja na mtoto wa dada yake. Mwelekezi hakukusudia ubaya. Brooks alikuwa akiwalaumu walowezi wakatili pia, na ni wao wanaoharibu mapatano ya Kimani kujisalimisha. Hata hivyo, suluhisho analolitoa ni lilelile la Waraka wa 1923 lililovikwa nguo za huruma: wazazi wamekwisha, mlezi yupo, na mali (ambayo ni shamba la McKenzie) inabaki ilipo. Kwa mtazamaji Mwafrika swali moja halikwepeki. Mtoto huyo akikua na kuuliza shamba hili lilikuwa la nani, Peter atamjibu nini?

Takwimu hazina budi kutajwa hapa, kwa sababu filamu hizi mbili zimejengwa juu ya hofu ya nyumba ya mlowezi kuvamiwa usiku. Walowezi raia waliouawa katika vita vyote ni 32. Kwa mujibu wa utafiti wa David Anderson, Waafrika 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa ua na mahandaki. Kijiji hicho, ambapo wengi waliobaki walikuwa wanawake, watoto na wazee, hakijapata nafasi ya mandhari makuu katika filamu yoyote kati ya hizi nne.

Toto pasipo m-

The Kitchen Toto ndiyo bora kati ya zote, na ubora wake unaanzia kwenye anwani. "Toto" ni neno la Kiswahili cha walowezi, kile kilichokuja kuitwa Kisetla. Latokana na "mtoto", ila kiambishi m- cha ngeli ya watu kimetupwa. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba kutupa kiambishi hicho si jambo la matamshi tu. Toto huingia katika ngeli ya ukubwa na bezo, toto/matoto, na viambishi vya upatanisho hubadilika vyote: si huyu tena, ni hili. Mlowezi hakuwa na habari ya ngeli. Alilikata neno ili limtoke upesi. Lakini sarufi ya Kiswahili ilimweka pale alipokuwa amejiweka mwenyewe. Aliyesimama jikoni mwake hakuwa tena katika ngeli ya watu.

Mwangi, mvulana wa Kikuyu, baba yake ni mhubiri anayeuawa na Mau Mau kwa kuwapinga. John Graham, ofisa wa polisi, anamchukua akafanye kazi jikoni. Hapa umbo la malezi linarudi lote: yatima, mlezi Mzungu, nyumba yenye paa na chakula. Hook, tofauti na waliomtangulia, analiweka umbo hilo wazi ili tuone nyufa zake. Mlezi huyu hamlei Mwangi, anamtumia. Upande wa pili nao haumlei. Mwangi anashurutishwa kula kiapo, na tendo ambalo katika jamii yake lilipaswa kumtambulisha mtu kuwa mwenye dhamana linakuwa mzigo juu ya mabega ya mtoto. Hana pa kukimbilia, na filamu haimwokoi. Ni filamu pekee kati ya nne ambayo haina mtu wa kumkabidhi mtoto, na kwa hiyo ndiyo pekee inayoacha udanganyifu wa amana ukiwa umevuliwa nguo.

Hata hivyo, kuna gharama. Kwa kuwa kila kitu kinaonekana kwa macho ya Mwangi, vita vinabaki kuwa jambo lisiloeleweka, radi inayopiga kutoka pande zote. Mtoto hana wajibu wa kuelewa. Lakini mtazamaji anayeondoka akiwa na huruma kwa Mwangi huondoka pia akiwa na hisia kwamba Mau Mau na polisi wa kikoloni walikuwa mawe mawili ya kusagia yaliyolingana uzito, na punje katikati yake. Usawa huo haukuwapo. Upande mmoja ulikuwa na ndege za kudondosha mabomu, mahakama za kunyonga na mtandao wa kambi. Upande mwingine ulikuwa na bunduki za kuundwa kwa mikono.

Pingamizi kutoka fasihi

Msomaji makini atapinga kwamba mtoto si mhusika wa mkoloni peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alianza na Weep Not, Child (1964), riwaya inayoyapitisha matukio hayohayo katika maisha ya mvulana Njoroge. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Lakini tofauti iko katika yale yanayomzunguka mtoto. Nyumbani kwa akina Njoroge watu wazima wanabishana. Ngotho anayeingojea ardhi irudi kwa unabii, na Boro aliyerudi kutoka vita vya Wazungu akiwa hana imani na kungojea, hawaelewani, na kutoelewana kwao ndiyo siasa yenyewe. Njoroge haelewi yote, ila msomaji anasikia. Na riwaya inapofungwa, Njoroge aliyevunjika moyo hamwendei mlezi wa kupanga. Anatafutwa gizani na mama yake na kurudi naye nyumbani.

Tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, The Trial of Dedan Kimathi (1976), iliyofasiriwa kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, inakwenda mbali zaidi. Mvulana na Msichana katika tamthilia hiyo wanaanza wakigombania vijisenti mjini. Wanamaliza wakiwa wamebeba mkate uliofichwa bunduki. Hawapokewi na mlezi, wanapokea kazi. Mtu anaweza kuona tendo hilo ni jepesi mno kisanaa, na wapo wahakiki waliosema hivyo, kwamba watoto hao wamekuwa alama kabla ya kuwa watu. Lakini kwa swali linalochunguzwa hapa, tamthilia imejibu bila kigugumizi: mtoto ni mrithi, na urithi ni wake kutoka kwa wazazi wake. Jibu hilo halijapata skrini. Kisa cha Kimathi kimeigizwa jukwaani na kusomwa darasani kwa miongo kadhaa, lakini filamu kuu ya kubuni kutoka Kenya yenye kukifikia kwa ukubwa uleule haijapatikana. Senegali ilikuwa na Ousmane Sembène, ambaye mwaka 1988, akishirikiana na Thierno Faty Sow, alitoa Camp de Thiaroye kuhusu askari waliouawa na jeshi la Ufaransa mwaka 1944 baada ya kudai malipo yao. Askari wale huongea Kifaransa kilichovunjika, na bado ni watu wazima kila dakika ya filamu, kwa sababu wanadai, wanahesabu, wanapiga kura na kukataa. Lugha iliyokatwa haiwageuzi kuwa matoto.

Mzee katika sare

The First Grader ilipokewa kwa machozi ya furaha, na si vigumu kuona kwa nini. Kimani Ng'ang'a Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alijiandikisha katika darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84 kwa hesabu yake mwenyewe, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo. Oliver Litondo anamwigiza kwa utulivu wenye heshima. Ni filamu ya kwanza kati ya hizi kuweka mateso ya kambini mbele ya kamera na kumweka aliyeteswa katikati ya kisa. Mahali penye ufundi mkubwa kuliko pote ni pale penseli inapohitaji kuchongwa. Tendo dogo la darasani linamrudisha mzee, kwa mbinu rejeshi, katika chumba cha mateso, ambako kitu chenye ncha kali kilitiwa sikioni mwake. Mtazamaji anatambua ghafla kwa nini mzee huyu hasikii vizuri, na kwamba mwalimu anayemkemea kwa kutosikia anaendeleza bila kujua kazi ya mtesaji.

Pamoja na hayo, umbo la zamani limerudi kwa njia isiyotarajiwa. Mara hii mtoto ni mpiganaji mwenyewe. Yuko katika kaptura na soksi ndefu, miongoni mwa wanafunzi wenye umri wa vitukuu vyake. Mlezi si Mzungu tena. Ni mwalimu, na nyuma ya mwalimu ni dola ya Kenya. Maruge halisi alivaa sare kwa hiari na kwa ucheshi, na hakuna wa kumlaumu. Lakini filamu inaigeuza sare hiyo kuwa suluhisho. Mzee anabeba barua kutoka ofisi ya Rais asiyoweza kuisoma, na shauku ya kuisoma inachukua mahali pa shauku ya jambo lililomo. Deni la kisiasa linakuwa somo la kusoma. Hata anapokwenda Nairobi kuvua shati na kuwaonyesha wakubwa makovu yake, hadai ardhi wala fidia. Anamtetea mwalimu wake aliyehamishwa. Makovu ya Mau Mau yanatumika kumrudisha mwalimu kazini. Ni tendo la upendo, na linaliza. Lakini ikumbukwe kwamba Mau Mau ilibaki kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi 2003, miaka 40 ya uhuru. Dola inayosawiriwa kama mlezi aliyechelewa kidogo ndiyo iliyowanyamazisha wapiganaji hao kwa muda wote huo, na wengi walioonja matunda ya uhuru mapema walitoka katika upande wa waliokuwa walinzi wa serikali ya kikoloni. Filamu inaugusa ukweli huu kwa kidole na kuuacha.

Nje ya skrini wazee hawakungoja darasa. Kesi iliyofunguliwa London 2009 iliishia Juni 2013 kwa serikali ya Uingereza kueleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Wengi wa waliotoa ushahidi wao walikuwa watu wasio na elimu ya shule. Walizungumza Kikuyu na Kiswahili, wakafasiriwa, na wakasikika kama watu wazima wenye madai.

Lipo jambo moja zaidi ambalo filamu ililiacha. Inagusia uhasama wa kikabila kijijini, minong'ono kwamba Mkikuyu huyu anapendelewa, kisha inautuliza kwa ushindi wa mwisho. Maruge halisi alikuwa Eldoret wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mali yake iliibwa, na mapema mwaka 2008 alikuwa akiishi katika kambi ya waliofurushwa, kilomita nne kutoka shuleni. Ardhi, ile iliyozusha vita vya 1952 na ikagawanywa upya baada ya uhuru kwa namna iliyozaa chuki mpya katika Bonde la Ufa, ilikuwa imemfikia tena, akiwa na umri wa miaka 88. Alihamia Nairobi katikati ya mwaka huo na kufariki Agosti 2009. Filamu ilipotolewa mwaka 2010 mambo haya yalikuwa yameshatangazwa na magazeti. Katika kambi ile hapakuwa na mwalimu wala mlezi, bali mzee aliyekuwa akitoka hemani kila asubuhi na kutembea kilomita nne kwenda darasani.